Bushi za ami: usikaze bolti gurudumu likining'inia

Ami ni mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na fremu ya gari, na bushi ni kiungo chake chenye mpira. Bushi mpya ikichanika baada ya miezi michache, lawama huenda kwa mpira. Mimi huuliza kwanza bolti zilikazwa gari likiwa juu au chini.

Bushi ya kawaida ya ami ya chini haizunguki. Mpira wake umegandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma: la nje limebanwa ndani ya ami, la ndani linashikwa na bolti. Ami ikipanda na kushuka, mpira ndio unaojipinda na kurudi. Ukikaza bolti gurudumu likining'inia, mpira unashikwa katika mkao huo. Gari likishuka chini, tayari umepindwa hata kabla ya safari, na kila shimo la barabara linauongezea mpindo. Hauna budi kuchanika.

Kwa hiyo kabla ya kuinua gari, lisimamishe mahali tambarare, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika kipimo hicho. Legeza nati za gurudumu, inua, weka stendi. Usiingie chini kwa kutegemea jeki peke yake.

Bolti zilizoshika kutu zinyunyizie mafuta ya kulegeza tangu jana yake. Kichwa cha bolti kikizunguka kidogo kisha kikarudi chenyewe, kutu imeiunganisha na bomba la ndani. Usizidishe nguvu, utaivunja. Nyunyizia tena na usubiri. Ikigoma kabisa, ikate na ufunge mpya.

Ami ikitoka, tia alama mkao wa bushi ya zamani. Zenye matundu kwenye mpira zina upande wake, na ukizigeuza gari litayumba wakati wa breki. Presi (mashine ya kusukumia bushi) isukume bomba la nje tu, kwa kipande cha bomba kinacholingana nalo. Ukisukuma la ndani unachana mpira. Bomba la zamani likigoma, likate kwa msumeno wa chuma kwa urefu, taratibu, usiuguse ukuta wa ami. Moto siupendekezi: moshi wa mpira ni sumu, na ami ya alumini hupoteza nguvu.

Kulainisha bushi mpya unapoiingiza, tumia maji ya sabuni. Grisi ya kawaida na oili huuvimbisha mpira wa asili na kuulegeza.

Rudisha ami, kaza bolti kwa mkono tu. Weka jeki chini ya ami karibu na boljointi (kiungo cha ami upande wa gurudumu), stendi zikiwa bado mahali pake, inua mpaka kipimo ulichoandika kirudi. Hapo ndipo ukaze kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha kitabu cha gari hilo.

Fanya pande zote mbili, kisha peleka gari alaimenti, yaani kurekebishwa mwelekeo wa magurudumu. Bila hiyo tairi litaliwa ukingo mmoja na utadhani bushi ndiyo mbovu.