"Jana Ulikula Nini?": Dhana Zinazowaumiza Wenye Kisukari

Mwenye kisukari akipima asubuhi na kukuta sukari iko juu, swali la kwanza nyumbani huwa hilo: "Jana ulikula nini?" Anayeuliza huuliza kwa upendo, lakini aliyeulizwa husikia shutuma. Ndiyo maana wapo wanaoficha daftari la vipimo, na wapo walioacha kupima kabisa ili wasisemwe. Dhana nyingi kuhusu ugonjwa huu zina tabia hiyo: humtwika mgonjwa lawama, kisha humfunga mdomo asiombe msaada.

Dhana: sukari ikipanda, mgonjwa amekula asichotakiwa.

Chakula ni sababu moja kati ya nyingi. Kuelekea alfajiri mwili hutoa homoni, zikiwemo kortisoli na homoni ya ukuaji, na ini humwaga glukosi, yaani sukari, kwenye damu. Asiye na kisukari hutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, ya kutosha kulimudu ongezeko hilo naye yuko usingizini. Mwenye kisukari anaweza kulala akiwa na milimoli 6 kwa lita, akaamka na 10, wala hajatia kitu mdomoni.

Homa hupandisha sukari. Kidonda kilichopata maambukizi, jino bovu, msongo wa mawazo, usiku wa kukosa usingizi na dawa za jamii ya steroidi navyo hupandisha. Kwa hiyo anayetumia insulini asiiache kwa sababu tu anaumwa na hana hamu ya kula. Mara nyingi siku za ugonjwa ndizo mwili unapoihitaji zaidi. Akianza kutapika, tumbo likamuuma, akahema kwa kasi na pumzi ikanukia kama matunda, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Baadhi ya vidonge husimamishwa kwa muda mtu anapotapika au kuharisha, lakini huo ni uamuzi wa daktari, na ni vizuri kumuuliza mapema kabla siku hiyo haijafika.

Hata kidole kinaweza kudanganya. Menya chungwa, kisha jitoboe bila kunawa: sukari ya tunda iliyobaki kwenye ngozi itachanganyika na tone la damu na mashine itakupa namba ya kutisha. Nawa kwa maji na sabuni, kausha vizuri, halafu toboa pembeni mwa ncha ya kidole, maana katikati panauma zaidi. Namba ikikushangaza, nawa upya na urudie kabla ya kuchukua hatua yoyote.

Dhana: kisukari ni malipo ya kupenda vitu vitamu.

Kwenye aina ya 1, kinga ya mwili yenyewe hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto hakukosea kitu, wala mama yake. Kwenye aina ya 2 mwili huwa sugu kwa insulini, na hapo urithi, uzito, umri na kukaa bila mazoezi vyote vina mchango. Vinywaji vyenye sukari nyingi huongeza hatari, ni kweli, lakini kumweleza mgonjwa kana kwamba kijiko cha sukari ndicho kilichomponza ni kumwonea.

Dhana: asali na juisi ya matunda havina neno, ni vya asili.

Asali ni sukari. Tunda zima linafaa, kwa kiasi, kwa sababu nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ukilikamua unapoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo, tena glasi moja humeza machungwa kadhaa ambayo usingeyala kwa mkao mmoja.

Dhana: ukianza sindano, umefika mwisho.

Hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kisukari kwa insulini. Kabla ya hapo, watoto wenye aina ya 1 walinyimwa chakula ili waishi miezi michache zaidi, kisha walikufa. Thompson aliishi miaka mingine 13.

Kwenye aina ya 2, seli za kongosho huzidi kuchoka kadiri miaka inavyopita, na vidonge vilivyotosha zamani huenda visitoshe tena hata kwa mgonjwa mwenye nidhamu kubwa. Kuanza insulini hapo ni tiba kufuata hali ya mwili. Uvumi kwamba sindano hupofusha ulizaliwa na ucheleweshaji: mtu anaikwepa kwa miaka, sukari ya juu inaharibu macho na figo kimyakimya, anakubali sindano dakika za mwisho, na lawama zote zinaiangukia.

Sindano ina adabu zake, nazo zinahitaji kufundishwa. Ukichoma mahali pale pale kila siku, mafuta chini ya ngozi hufanya uvimbe, na insulini hunyonywa bila mpangilio; leo sukari iko juu, kesho imeshuka ghafla. Hamisha sehemu ya kuchoma. Chupa ambayo haijafunguliwa ihifadhiwe kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikiganda barafu, itupe hata kama imeyeyuka.

Dhana: sijisikii vibaya, basi sukari iko sawa.

Mtu anaweza kutembea na sukari ya 13 bila dalili yoyote. Ugonjwa wa macho unaotokana na kisukari huanza bila maumivu, kwa hiyo uchunguzi wa macho wa mara kwa mara, kwa wengi kila mwaka, haungoji ukungu. Miguu nayo hupata ganzi: jiwe dogo ndani ya kiatu linaweza kumchubua mtu kutwa nzima asijue. Kagua nyayo kila jioni, kwa kioo ikibidi, na upitishe mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa.

Dhana: sukari ikishuka, mpe chokoleti au mlo wa kushiba.

Mafuta yaliyomo kwenye chokoleti huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Chini ya milimoli 4, kinachotakiwa ni takriban gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, au glasi ndogo ya juisi. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini; mlo unafuata baadaye. Jasho la baridi, kutetemeka, njaa kali na maneno yasiyoeleweka humfanya mgonjwa adhaniwe amelewa, kwa hiyo wafanyakazi wenzake nao wazijue dalili hizi. Akipoteza fahamu, usimtie chochote mdomoni na kamwe usimchome insulini. Mlaze ubavu na uite msaada wa dharura. Kama ana glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, na umeelekezwa namna ya kuitumia, mpe bila kusubiri.