Je, wajua kwa nini "Usiue" haimalizi ubishi wa adhabu ya kifo?

Fungua kitabu cha Kutoka, sura ya 20, mstari wa 13. Amri ni neno moja: "Usiue." Sasa geuza ukurasa. Katika sura ya 21, kati ya mstari wa 12 na wa 17, yametajwa makosa manne ambayo mtendaji wake sharti auawe: kumpiga mtu akafa, kumpiga mzazi, kumwiba mtu, na kumlaani mzazi. Mistari sita tu, na watu bado wamesimama chini ya mlima uleule wa Sinai, moshi haujatawanyika.

Kwa miaka mingi niliisoma sura ya 20 na kuishia hapo. Ukiniuliza kama Biblia inakubali mhalifu auawe na dola, nilikuwa na jibu la neno moja na nililitoa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda. Baadaye nikaoneshwa kosa langu, nikalisahihisha, na usahihisho wenyewe ukawa kosa la pili. Hilo la pili ndilo linalosimuliwa mara chache, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kosa la kwanza kwa sehemu ni la lugha yetu. Kiswahili kina kitenzi kimoja kipana, kuua. Askari huua vitani, nyoka huua, malaria huua, jambazi huua. Tukitaka kutenga uovu na ajali tunaongeza maneno: kuua kwa kukusudia, kuua bila kukusudia. Kiebrania cha Agano la Kale kina vitenzi kadhaa, na vitatu vinatuhusu. "Harag" ni kuua kwa jumla, iwe vitani au shambani. "Hemit" ni kufisha, na katika shina lilelile la kufa ndimo linamotoka tamko la kisheria la Kutoka 21, "mot yumat", ambalo Biblia zetu hulitafsiri kwamba sharti mtu huyo auawe. Cha tatu ni "ratsakh". Hiki ni kitenzi adimu, hakifiki mara 50 katika Agano la Kale zima, na ndicho kilichochongwa kwenye vibao vya mawe: "lo tirtsakh".

Ratsakh hakitumiki kwa askari anayeua adui vitani. Hakitumiki kwa kuchinja mnyama, wala Mungu anapomwua mtu. Ndiyo maana tafsiri nyingi za karibuni za Kiingereza zimeacha neno la "kuua" na kuweka neno la kuua kwa uovu, lile la mahakamani. Nilipolijua hilo nikaona mambo yamekwisha: amri inakataza mauaji ya kukusudia, adhabu ya kifo si mauaji ya kukusudia, tuzungumze mengine. Wapo wahubiri wanaoishia hapo hadi leo.

Tabu ni kwamba kitenzi chenyewe hakikubali kufungiwa hivyo. Katika Mithali 22:13 mtu mvivu anakataa kutoka nje kwa kisingizio kwamba simba yuko barabarani na atamwua. Kitenzi cha simba huyo ni ratsakh. Simba hashitakiwi kwa kukusudia. Twende Hesabu sura ya 35, penye miji sita ya makimbilio. Miji hiyo ilitengwa kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia, na Kumbukumbu la Torati sura ya 19 inatoa mfano wa mkata kuni ambaye chuma cha shoka kilichomoka mpinini kikampata mwenzake. Huyo naye anaitwa kwa jina litokanalo na ratsakh. Kisha sura ileile ya 35 inatoa pigo la mwisho. Mstari wa 27 unasema mlipiza kisasi akimkuta mwuaji nje ya mji wa makimbilio na kumwua, hana hatia ya damu. Mstari wa 30 unasema mwuaji atauawa kwa ushahidi wa mashahidi, wala shahidi mmoja hatoshi. Katika mistari yote miwili, kitendo cha kumwua mwuaji kimeandikwa kwa kitenzi cha amri: ratsakh. Yaani neno nililoambiwa kwamba haliwezi kuhusu adhabu ya kifo limetumika kuieleza adhabu ya kifo.

Kinachonisaidia kulielewa jambo hili ni kitenzi cha kwetu, kupokonya. Nikisema "Juma amepokonya simu", unamhukumu Juma hapohapo. Neno lina harufu ya uovu. Ungekuwa na amri isemayo "Usipokonye", kila mtu angeielewa bila kamusi. Lakini mtoto mchanga anaweza kupokonya kijiko, na hakuna anayemwita mhalifu. Mama anaweza kumpokonya mtoto kisu, na tunamshukuru. Na unaweza kusema kwamba askari walimpokonya mwizi kile alichokuwa amepokonya: kitenzi kimoja mara mbili, mara ya kwanza haki, mara ya pili dhuluma. Neno halijabadilika. Linaeleza namna ya tendo, kuondoa kitu kwa nguvu mkononi mwa mwenzako, na sehemu iliyobaki ya sentensi ndiyo inayotuambia kama kulikuwa na haki. Sasa linganisha na kuchukua, ambalo halina harufu yoyote, na kuiba, ambalo halina namna ya kusafishwa. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani ratsakh ni kama kuchukua. La pili lilikuwa kudhani ni kama kuiba. Linaelekea kukaa karibu na kupokonya.

Nasema linaelekea kwa sababu wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaodai kwamba Hesabu 35 inacheza tu na maneno, kwamba mwuaji anarudishiwa kitenzi chake mwenyewe kama mtu anavyorudishiwa deni. Inawezekana. Mifano ya kupimia ni michache mno, na mtu anayekuambia kwa uhakika kwamba ratsakh maana yake ni hii na si nyingine amekwenda mbele kuliko ushahidi.

Kuna mfano mmoja unaostahili kusomwa polepole, nao uko 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi anakataa kuuza. Malkia Yezebeli anaandika barua kwa muhuri wa mfalme. Mfungo unatangazwa, wazee wa mji wanakaa, mashahidi wawili wanasema kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme, anatolewa nje ya mji na kupigwa mawe. Ukitazama taratibu pekee, kila kitu kimo: baraza, shitaka, mashahidi wawili kama sheria inavyodai, mahali panapofaa. Eliya anapokutana na Ahabu anamwuliza kama ameua kisha akarithi, na kitenzi kinywani mwake ni ratsakh. Hapa ni hukumu ya kifo iliyotolewa na baraza halali, na nabii anaitaja kwa neno la amri ya Sinai. Mhuri wa mfalme haukuisafisha.

Kwa hiyo amri haimpi ushindi yeyote kati ya wanaobishana. Mpinzani wa adhabu ya kifo hawezi kuinua "Usiue" na kuketi, maana sura inayofuata inamkana. Mtetezi naye hawezi kusema kamusi imemwondolea mzigo.

Sheria ya Musa yenyewe niipitie haraka. Makosa yanayostahili kifo humo ni mengi, hadi mwana mkaidi na mtu aliyeokota kuni siku ya Sabato, na ni Wakristo wachache sana wanaotaka orodha hiyo nzima irudi. Pamoja na ukali huo kuna breki: mashahidi wawili au zaidi, shahidi mwenyewe ndiye anayetupa jiwe la kwanza (Kumbukumbu la Torati 17), na shahidi wa uongo hupewa adhabu aliyotaka impate mwenzake. Marabi waliokusanya Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya sheria ya Kiyahudi, yapata mwaka 200 baada ya Kristo, walizikaza breki hizo zaidi. Baraza linaloua mtu mmoja katika miaka 7, wakasema, linaitwa la uharibifu. Mwingine akasema katika miaka 70. Tarfoni na Akiba wakasema wao wangekuwamo barazani asingeuawa mtu hata mmoja. Simeoni mwana wa Gamalieli akajibu kwamba hao wawili wangewaongeza wamwaga damu katika Israeli. Ubishi wote wa leo umo katika sentensi nne. Kweli, wakati huo hawakuwa tena na baraza lenye uwezo wa kuua mtu, na ni rahisi kuwa mpole au mkali kwa mamlaka usiyokuwa nayo.

Ukiuliza ni mstari gani hasa unaobeba uzito, watetezi wengi Wakristo watakupeleka Mwanzo 9:6. Baada ya gharika Nuhu anaambiwa kwamba amwagaye damu ya mwanadamu, damu yake itamwagwa na mwanadamu, kwa kuwa mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Wana sababu nzuri ya kuupenda mstari huu. Nuhu si Mwisraeli, hivyo neno hili ni la wanadamu wote, na halimlazimishi mtu kumtetea aliyempiga mawe mwokota kuni.

Swali ni kama "itamwagwa" ni agizo au ni utabiri. Kiebrania hutumia umbo lilelile kwa yote mawili. Sisi tunasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na sijasikia mtu akidhani ameagizwa azunguke visimani kuwasukuma watu. Mstari huu una hata umbo la methali: kwa Kiebrania mwanzo wake ni maneno matatu, mwaga, damu, mwanadamu, kisha yanarudi kinyumenyume kama kwenye kioo, mwanadamu, damu, mwagwa. Zaidi ya hayo, tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo waandishi wa Agano Jipya waliinukuu mara nyingi, haina kabisa maneno "na mwanadamu". Upande wa pili una mstari wa 5, ambamo Mungu anasema yeye mwenyewe ataitaka damu hiyo mkononi mwa mnyama na mwa mtu. Hiyo si lugha ya methali. Binafsi naona mstari wa 5 unausogeza wa 6 karibu na agizo, lakini siwezi kuapa. Na mstari wa 4 unakataza kula nyama pamoja na damu yake, katika agano lilelile na Nuhu yuleyule, ila watu wanaoubeba wa 6 mara chache huwaona wakiutaja wa 4.

Wapinzani nao wana watu wao. Kaini alimwua ndugu yake na Mungu akamtia alama ili asiuawe na yeyote. Daudi alizini na mke wa Uria, kisha akapanga Uria afe vitani. Alistahili kifo kwa yote mawili, na nabii Nathani akamwambia hatakufa. Tena wanamtaja mwanamke wa Yohana 8, aliyefumaniwa akizini, ambaye Yesu aliwaambia washitaki wake kwamba asiye na dhambi na atupe jiwe la kwanza. Hapo panahitaji tahadhari mbili: kisa hicho hakimo katika nakala za Kigiriki za kale zaidi tulizonazo, na hata kikikubaliwa, huenda kinasema zaidi kuhusu mashahidi wale kuliko kuhusu sheria yenyewe. Warumi 13:4, ule wa mtawala asiyechukua upanga bure, una tahadhari yake pia. Paulo aliandika kwa watu walioona upanga wa Roma ukikata vichwa, lakini mistari miwili mbele anazungumzia kodi, na wapo wanaousoma upanga kama alama ya mamlaka kwa ujumla.

Kwa hali hiyo si ajabu makanisa yalitawanyika. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliandika kwamba anayemwua mhalifu kwa amri ya sheria havunji amri ya Mungu. Augustino huyohuyo, mnamo mwaka 412, alimwandikia ofisa wa dola, Marcellinus, kumsihi asiwaue watu waliokiri kumwua padri. Waanabaptisti, Wakristo waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, waliokutana Schleitheim, Uswisi, mwaka 1527, walikubali kwamba upanga umewekwa na Mungu, ila wakasema umewekwa nje ya ukamilifu wa Kristo, hivyo wao hawaushiki. Yaani waliipokea Warumi 13 nzima na bado wakakataa kazi. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani walipitisha azimio la kuitetea adhabu hiyo mwaka 2000. Kanisa Katoliki liliiruhusu katika Katekisimu ya 1992, na mwaka 2018 Papa Fransisko akabadilisha maneno hayo kusema haikubaliki.

Kati ya miaka hiyo kuna waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1995. Alipotafuta mahali pa kuanzia alikwenda kwa Kaini na ile alama, akaandika kwamba hata mwuaji hapotezi utu wake. Sheria ya Vatikani ya mwaka 1929 ilikuwa imeweka kifo kwa mtu anayejaribu kumwua Papa ndani ya eneo lake. Haikutumika hata mara moja, na Papa Paulo VI aliifuta mwaka 1969. Miaka 12 baadaye, Mei 1981, Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi Yohane Paulo II katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Mahakama ya Italia ilimpa kifungo cha maisha, na mwezi Desemba 1983 Papa alikwenda gerezani, wakakaa kwenye viti viwili karibukaribu, wakazungumza kwa sauti ya chini.