Maana ya kiwango cha ubadilishaji wa fedha, na kinachokipandisha au kukishusha

Kiwango cha ubadilishaji wa fedha ni bei ya sarafu moja ikipimwa kwa sarafu nyingine. Mwagizaji wa mafuta, ngano au dawa huhitaji dola ili alipe ng'ambo, ilhali msafirishaji wa chai, mtalii na jamaa anayetuma fedha nyumbani huziingiza nchini. Mahitaji ya dola yakizidi zinazoingia, shilingi hushuka thamani. Mfumuko wa bei nao huila sarafu polepole, kwa kuwa fedha inayonunua kidogo nyumbani haiwezi kudumu na bei ileile nje.

Hata hivyo, watu hununua na kuuza sarafu kwa kutazama pia yale wanayoyatarajia, na hapo ndipo siasa na uchumi hushikana. Yaliyoipata shilingi ya Kenya yanaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 2014 serikali ilikopa dola bilioni 2 kwa hatifungani, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji, iliyopaswa kulipwa Juni 2024. Wakati wa kukopa, dola ilikuwa chini kidogo ya shilingi 90, hivyo deni lilikuwa kama shilingi bilioni 175. Dola ilipofika karibu shilingi 160, Januari 2024, deni lilelile lilikuwa kama bilioni 320, bila senti moja mpya kukopwa. Huko Marekani, benki kuu ilikuwa imepandisha riba kutoka karibu sifuri mapema 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 kufikia katikati ya 2023, na wawekezaji wakaona heri kuziweka fedha zao huko. Kila aliyehofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa alizishika dola zake, na hofu hiyo yenyewe ikazidi kuiangusha shilingi.

Mwananchi aliuona uzito huo kwenye kituo cha mafuta. Septemba 2023 lita ya petroli jijini Nairobi ilivuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, ingawa, kwa haki, sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16.

Februari 2024 serikali ilitoa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili inunue sehemu kubwa ya ile ya zamani, huku Benki Kuu ikiwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa shilingi 130 na ushei. Mashamba ya chai na viwanda havikuwa vimebadilika kiasi hicho kwa wiki chache. Kilichobadilika hasa ni imani ya wenye fedha, pamoja na dola zilizovutwa na riba kubwa. Imani hiyo haikupatikana bure, maana mkopo mpya ulikuja kwa riba ya asilimia 9.75, na riba za benki ziliwabana wafanyabiashara wadogo waliotegemea mikopo.

Misukosuko ya kisiasa kwa kawaida huwatisha wawekezaji, lakini athari yake hutegemea hali inayoikuta sarafu. Maandamano makubwa ya kupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, yalipozuka Juni 2024, Rais Ruto akakataa kuutia saini, na Julai shirika la Moody's, linalopima uwezo wa nchi kulipa madeni, likaishusha Kenya daraja la ukopaji. Shilingi ilibaki karibu 129 kwa dola, kwa kuwa deni lililokuwa likiogopwa lilikuwa limekwisha kulipwa.