Sigiri tano uani

Kazi yangu ni kuthamini majengo, na kila nikifika Busia, upande wetu wa Uganda, swali ni lilelile: nyumba nimejenga mwenyewe, nalala mwenyewe, halmashauri inanidai nini? Haikudai kitu. Sheria ya kodi ya majengo ya mwaka 2005 imeisamehe nyumba anayoishi mwenyewe. Zinazolipiwa ni nyumba za kupangisha, maduka, gereji na maghala.

Msamaha huo mtamu, ila sisi wa daftari ndio unaotutoa jasho. Mwaka huohuo wa 2005 kodi ya kichwa, ile ya kuviziana na wanaume alfajiri, ilisitishwa, na kaunti ndogo zikabaki mikono mitupu. Kodi ya huduma za mitaa ilipokuja mwaka 2008, hata mwenye mshahara mnono ikamtoza shilingi 100,000 tu kwa mwaka. Hadi leo sehemu kubwa ya bajeti ya wilaya hutoka serikali kuu, tena ikiwa imeshapangiwa matumizi. Hela ya kuzibua mtaro inabidi itoke kwenye majengo.

Basi unapiga hodi. Katika mji mmoja wa mashariki, Hajati mmoja alinikalisha kivulini, akaniletea maji.

"Mwanangu, hapa tunalala mimi na watoto wa marehemu dada yangu tu."

Uani palikuwa na milango mitano, kila mmoja na kufuli lake, na sigiri tano zimepangwa ukutani. Watoto wa dada mmoja hawapiki kila mtu chungu chake. Nikaandika: mizigo mitano, yaani vyumba vya kupanga.

Tuseme kila muzigo ni 80,000 kwa mwezi. Yote mitano kwa mwaka ni 4,800,000. Toa makato ya ukarabati, tuseme imebaki 4,000,000. Sheria inaruhusu kutoza hadi asilimia 12. Kampala hutoza 6. Kwa asilimia hiyo 6, anadaiwa 240,000, pango la chumba kimoja kwa miezi mitatu. Nyumba ya mbele anayolala mwenyewe haiguswi. Asiyekubali thamani iliyoandikwa ana mahakama ya uthamini ya kumsikiliza, ingawa wengi hupeleka malalamiko redioni, ambako hakuna anayeyaandika.

Mwenzangu mmoja angependa kila nyumba itozwe kiasi kidogo kilicho sawa, tuache kuhesabu sigiri za watu. Kukusanya kungekuwa rahisi, sikatai. Lakini jumba la Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, na kibanda cha udongo vikilipa sawa, mimi mthamini nimekwenda kufanya nini pale?

Baada ya wiki mbili Hajati alikuja na nusu ya deni, noti zimefungwa kwenye pindo la leso. Nikamweleza kwamba sheria inataka angalau asilimia 75 ya makusanyo irudi kwenye huduma: barabara, taa, takataka, mitaro.

"Na huu wa mlangoni kwangu?"

Nikafungua daftari la mhandisi nimwandikishe. Juu yake palikuwa na mitaro mingine kumi na mmoja.