Ukitaka kuwa NP, anza na mgonjwa

Wauguzi wenzangu huniuliza: "Dada, nisome chuo gani niwe NP?" Nami huwauliza: unataka kumtibu nani? Wengine hudhani nakwepa. Hapa Marekani, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kozi utakayosoma, mtihani utakaofanya na wodi utakayoruhusiwa kufanyia kazi.

NP (nurse practitioner) ni muuguzi aliyeongeza elimu, anayempima mgonjwa, kuagiza vipimo, kutambua ugonjwa na kuandika dawa kwa saini yake. Kazi hii ilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, pale muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya wauguzi wa kuhudumia watoto katika jamii. Bi Ford alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 104.

Hatua za mwanzo hazina fumbo. Unasoma shahada ya kwanza ya uuguzi, kwa kawaida miaka 4, unafaulu NCLEX-RN, mtihani wa kitaifa wa leseni ya uuguzi, unapata leseni. Aliyepitia diploma ya miaka 2 hufanya mtihani uleule, kisha hujiendeleza hadi shahada huku akiwa kazini. Baada ya hapo ndipo unaomba uzamili, ambao wengi huumaliza kwa miaka 2 hadi 3, au uzamivu wa vitendo unaochukua muda zaidi.

Fomu ya uzamili ndiyo inayokudai jibu la swali langu. Unachagua kundi la wagonjwa: familia, watu wazima na wazee, watoto, watoto wachanga, afya ya wanawake, au afya ya akili. Watu wazima na watoto wamegawanywa tena: kuna njia ya kliniki na kuna njia ya wagonjwa mahututi. NP wa familia anatibu kuanzia mtoto mchanga hadi bibi kizee, ila ameandaliwa kwa ajili ya kliniki. Mwenzangu mmoja alikuwa nesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kwa miaka 8. Akasoma familia kwa sababu aliambiwa ina ajira nyingi, akitarajia kurudi ICU kama NP. Hospitali ikamtaka cheti cha wagonjwa mahututi, naye hakuwa nacho. Ikambidi arudi darasani kusomea cheti cha nyongeza, na mkopo wa kwanza alikuwa bado anaulipa.

Darasani kuna masomo matatu yanayobeba mzigo wote: ugonjwa unavyovuruga mwili, dawa, na kumpima mgonjwa kuanzia utosini hadi unyayoni. Ukiyapita kwa kukariri, utaumbuka mbele ya mgonjwa. Viwango vya kitaifa vya mwaka 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja chini ya msimamizi. Kabla yake zilikuwa 500. Muulize mkuu wa kozi, kabla hujalipa chochote, nani atakutafutia msimamizi huyo. Chuo changu kiliniachia mwenyewe. Nilipiga simu kliniki baada ya kliniki wakati wa mapumziko ya zamu za usiku, na muhula ulikaribia kuanza sina hata mmoja. Chuo kinachochukua ada yako kinapaswa kukutafutia mahali pa kujifunzia, na hapo sina maneno mawili.

Kinachotisha kuliko mitihani ni kuamua. Nikiwa mwanafunzi nilimpokea mama mmoja mwenye kikohozi kikavu cha zaidi ya mwezi. Nikamsikiliza mapafu, safi. Hana homa, hajakonda, havuti sigara. Nikamwendea msimamizi wangu na kumweleza yote kwa mpangilio, kama nesi anayekabidhi zamu. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa wewe unasemaje?" Nikakaa kimya. Miaka yote wodini nilikuwa natoa taarifa, na mtu mwingine ndiye anayesema tufanye nini. Nikarudi kwenye orodha ya dawa, na hapo nikaiona: lisinopril, aliyoanzishwa kwa ajili ya presha wiki chache kabla ya kikohozi. Dawa za kundi hilo hujulikana kwa kuleta kikohozi kikavu. Tukambadilishia losartan, dawa ya presha ya kundi jingine. Aliporudi, presha imetulia na usiku analala.

Hata hivyo, nasisitiza ukae wodini angalau miaka miwili kwanza, ingawa kuna vyuo vinavyopokea watu wasio na uzoefu. Jicho la kumtambua mgonjwa anayezidiwa kabla mashine haijapiga kelele huwezi kulipata darasani.

Ukihitimu, unafanya mtihani wa cheti. Kwa familia unaweza kuufanya kwa ANCC au kwa AANPCB, bodi mbili zinazotoa vyeti hivyo, na cheti huhuishwa kila baada ya miaka 5. Kisha unaomba leseni ya jimbo, na usajili wa DEA, idara ya serikali kuu inayosimamia dawa za kulevya, kama utaandika dawa zinazodhibitiwa.

Jimbo nalo lina neno lake. Zaidi ya nusu ya majimbo humruhusu NP kufanya kazi kikamilifu, bila kusimamiwa na daktari. Arizona na Washington ni mfano. Texas inakutaka uwe na mkataba wa maandishi na daktari ndipo uandike dawa. Daktari huyo akistaafu au akihama, unabaki na wagonjwa wako na huwezi kuwaandikia dawa mpaka upate mwingine. Na ukifungua kliniki yako mwenyewe, huenda ukamlipa kila mwezi kwa saini hiyo. Kwa hiyo kwenye usaili wa kazi uliza waziwazi: daktari wa mkataba ni nani, nani anamlipa, na akiondoka nani anachukua nafasi yake.