Yule mwenye mfuko uwanjani si kocha

Pale Kamalondo, Lubumbashi, Mazembe ikicheza na mchezaji akaanguka, mtu hukimbia na mfuko begani. Jukwaani utasikia: "Huyo wa kumwaga maji tu!" Na kijana akiambiwa vyuo vya Marekani vinafundisha kazi ya namna hiyo, kwa Kiingereza "athletic trainer", anasikia "trainer" na kudhani atarudi kocha.

Sivyo. Kule ni kazi ya afya. Chama cha hao athletic trainers kiliundwa 1950. Tangu 2022 wanafunzi wapya hawapokelewi tena kwa shahada ya kwanza: ni uzamili, halafu mtihani wa taifa. Wanasoma anatomia, kano za goti, moyo unaosimama ghafla. Aliyezidiwa na joto hutumbukizwa kwanza kwenye maji ya barafu, hospitali baadaye (wengi wetu tungefanya kinyume). Aliyegongwa kichwa na kuonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo harudi kucheza siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Kocha anataka mshambuliaji wake arudi. Huyu wa mfuko kazi yake ni kukataa.

Kwetu sehemu ya kazi hiyo iko mikononi mwa kine (mtaalamu wa tiba ya viungo), ambaye naye amekalia benchi la chuo. Kumwita mkandaji ni kumpunguza.