Mfamasia msimamizi: maana yake, na kwa nini famasi haifunguliwi bila yeye

Mfamasia msimamizi ni mfamasia aliyesajiliwa ambaye amekubali kwa maandishi kubeba dhamana ya dawa zote zinazoingia, zinazohifadhiwa na zinazotoka katika famasi fulani. Si lazima awe mwenye mali, na mara nyingi siye. Mwenye mali anaweza kuwa mfanyabiashara wa mbao au mwalimu mstaafu asiyejua tofauti ya parasetamo na aspirini, na sheria ya Tanzania Bara haimkatazi kumiliki famasi. Inachomkataza ni kuiendesha bila mtu huyu.

Wengi wanaotaka kufungua famasi huanza na fremu, makabati na mtaji wa dawa, kisha mfamasia humtafuta mwishoni kama karatasi moja iliyobaki kwenye faili. Mpangilio huo ni wa kichwa chini. Kibali cha famasi kimefungwa kwa vitu vitatu kwa pamoja: mmiliki, jengo na msimamizi. Ukiuza biashara, ukihamia mtaa wa pili au msimamizi akiondoka, kibali ulichotundika ukutani hakielezi tena hali halisi, na lazima Baraza la Famasi lijulishwe. Kwa hiyo msimamizi ni mguu mmojawapo wa biashara yenyewe, si mwajiriwa wa kawaida ambaye akikosekana leo unaziba nafasi yake kesho na ndugu aliyemaliza shule.

Dhana hii ilizaliwa mahakamani, Uingereza. Sheria ya famasi ya huko ya mwaka 1868 ilikataza mtu asiyesajiliwa kuuza sumu. Makampuni yakajibu kwamba kampuni si mtu wa kwenda darasani na kufanya mtihani, na mwaka 1880 mahakama ya juu ya nchi hiyo, House of Lords, ikakubali kwamba neno “mtu” katika sheria ile halikuihusu kampuni. Mlango ukafunguka kwa maduka ya mtindo wa Jesse Boot wa Nottingham, yenye matawi mji hadi mji. Mwaka 1908 Bunge likaja na maafikiano: kampuni iruhusiwe kuuza dawa, lakini kazi ya dawa iwe chini ya msimamizi ambaye mwenyewe ni mfamasia. Makoloni yakarithi mfumo huo. Ndiyo maana sheria ya Kenya, Sura ya 244, ambayo msingi wake ni wa mwaka 1957, inataka kampuni inayofanya biashara ya famasi iwe na msimamizi na cheti chake cha usajili kiwasilishwe kwa Bodi ya Famasi na Sumu.

Si nchi zote zilizokubali maafikiano hayo. Ujerumani famasi humilikiwa na mfamasia tu, na tangu 2004 anaruhusiwa moja kuu na matawi yasiyozidi matatu. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikubali kwamba katazo hilo halivunji sheria za Umoja wa Ulaya. Jimbo la North Dakota, Marekani, tangu 1963 linataka wafamasia wawe na hisa nyingi katika umiliki, na wapiga kura walipoulizwa mwaka 2014 kama sharti lifutwe, walikataa. Hoja ya upande huo ni nyepesi kueleweka: anayeweza kufutiwa taaluma yake ataogopa kuuza asichopaswa kuuza, ilhali mwenye mtaji tu haogopi hivyo. Sisi Afrika Mashariki tumechagua njia ya maafikiano ya Uingereza, kwa hiyo uzito wote uliokuwa ulindwe na umiliki umeangukia mabegani mwa msimamizi.

Tanzania Bara kazi hii inatawaliwa na Sheria ya Famasi, Sura ya 311, iliyotungwa mwaka 2011, na chombo chake ni Baraza la Famasi. Wengi hulichanganya na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Baraza linashughulika na watu wa taaluma, majengo na uendeshaji. TMDA, iliyokuwa TFDA hadi 2019, inashughulika na dawa yenyewe na vifaa tiba: imesajiliwa nchini au la, ubora wake ukoje, iondolewe sokoni au ibaki. Ukiwa Zanzibar mambo ni mengine, kwani kuna sheria zake na wakala wake wa chakula na dawa. Kibali cha Bara hakivuki bahari.

Vibali vya Bara hufuata mwaka wa fedha wa serikali, yaani huisha tarehe 30 Juni bila kujali ulilipia lini. Aliyefungua mwezi Aprili akidhani ana mwaka mzima hujikuta Julai anaendesha famasi isiyo na kibali. Kenya usajili wa jengo huisha 31 Desemba. Leseni ya biashara ya halmashauri, namba ya mlipakodi na mashine ya risiti za kielektroniki ni mambo ya pembeni kabisa na kibali hiki, na hakuna hata kimoja kinachoziba pengo lake.

Nimesema anabeba dhamana. Dhamana hiyo inaonekana zaidi sehemu tatu ndani ya famasi.

Ya kwanza ni manunuzi. Msimamizi ndiye wa kusema dawa inunuliwe wapi, na jibu halali ni moja: kwa msambazaji au famasi ya jumla yenye kibali, kwa ankara inayotaja jina la dawa, namba ya toleo (yaani kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja), tarehe ya kuisha muda na idadi. Ankara ikiwa imeandikwa “dawa mchanganyiko” na jumla ya fedha, siku TMDA ikitangaza toleo lenye kasoro hutajua kama unalo au umeshaliuza. Mchuuzi anayepita na begi akiuza kwa nusu bei hana wa kumtetea, hata kama mzigo wake ni halisi. Na ukiona kidonge chenye chapa ya GOT, hiyo ni dawa ya serikali iliyopita Bohari ya Dawa. Kuikuta kwenye rafu ya famasi binafsi ni kosa ambalo mkaguzi hahitaji maabara kulithibitisha.

Ya pili ni hifadhi, na hapa friji ndiyo inayowaumbua wengi. Insulini, oksitosini na baadhi ya matone ya macho hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Famasi nyingi hutumia friji ya nyumbani, ambayo ina tabia mbili mbaya: ukuta wake wa nyuma na eneo la karibu na kigandishi hushuka chini ya sifuri, na mlango wake hupanda joto kila unapofunguliwa. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo dawa hukaa rafu za katikati, mbali na ukuta wa nyuma, si mlangoni, na kipimajoto husomwa asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nje. Mkaguzi mzoefu huangalia karatasi hiyo kabla ya kitu kingine. Ikiwa na nyuzi 5 kila siku kwa miezi mitatu, kwa wino uleule na mwandiko usiobadilika, ameshajua kwamba imejazwa siku moja. Chupa ya maji ya mfanyakazi na chakula cha mchana havikai humo, si kwa usafi tu, bali kwa sababu kila anayefuata maji anafungua mlango.

Dawa zilizoisha muda hutengwa mara moja, kwenye sehemu iliyoandikwa kwamba si za kuuzwa, na kuorodheshwa. Uteketezaji hufanyika chini ya usimamizi wa mamlaka na kuacha hati. Kuzitupa jalalani ni hatari, maana wapo wanaookota.

Ya tatu ni kaunta. Kuna dawa yeyote anaweza kununua, kuna zinazotolewa famasi tu, na kuna za cheti cha daktari. Zile zinazodhibitiwa zaidi, kama mofini na pethidini, hukaa kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo akiwa nao mtaalamu, na daftari lake huonyesha kilichoingia, kilichotoka, kwa nani, kwa cheti cha nani na kilichobaki. Hesabu ya daftari na ya kabati zikipishana hata kwa kichupa kimoja, anayeulizwa ni msimamizi. Mwenye mali naye haruhusiwi kumlazimisha atoe dawa ya cheti bila cheti kwa sababu “mteja ni wetu”. Na famasi si zahanati: hakuna kuchoma sindano, kutundika dripu wala kumlaza mtu nyuma ya kabati.

Sasa lile gonjwa lenyewe. Kuna mtindo unaoitwa kukodisha cheti. Mfamasia anapokea malipo kila mwezi, jina lake linatumika kupata kibali, cheti chake kinatundikwa, na yeye yuko mkoa mwingine. Dukani yupo msichana aliyefundishwa bei kwa wiki moja. Mwenye mali anaona ameokoa mshahara. Mfamasia anaona amepata fedha ya bure. Kisheria wote wawili wako pabaya, lakini mfamasia zaidi, kwa sababu kila kosa linalofanyika humo limefanyika chini ya jina lake: dozi ya mtoto iliyokosewa, antibayotiki iliyouzwa vidonge vitatu vitatu, dawa ya kulevya iliyotoka bila daftari. Hawezi kujitetea kwamba hakuwepo, maana kutokuwepo ndilo kosa lenyewe, na Baraza linaweza kumsimamisha au kumfuta. Uingereza, ambako mfumo huu ulianzia, mfamasia anayewajibika kwa siku husika anaruhusiwa kutokuwepo kwa saa 2 tu kati ya usiku wa manane na usiku wa manane unaofuata.

Asiye na uwezo wa kumlipa mfamasia ana njia halali, nayo ni Duka la Dawa Muhimu. Mpango huo ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 na ukaja kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi. Huendeshwa na mtoa dawa aliyepata mafunzo maalumu, na huuza dawa zilizo kwenye orodha iliyoidhinishwa, zikiwemo dawa mseto ya malaria na amoksilini. Tatizo huja pale duka la aina hii linapoanza kujaza rafu kwa vitu vya famasi kamili. Kibao cha mlangoni hakiongezi orodha.

Kwa anayeajiri msimamizi, mkataba uandikwe kabla ya kulipia fremu, kwa sababu mfamasia mzuri atataka kwanza kuona jengo: dari, sakafu inayosafishika, sinki lenye maji, nafasi ya stoo, na umbali kutoka famasi nyingine, ambao nao una masharti. Mkataba utaje siku na saa atakazokuwepo, nani anatia sahihi oda za dawa, nani anashika ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa, na notisi ya muda wa kutosha kumpata mwingine. Uandike pia kwamba akikataa kutoa dawa kwa sababu ya kitaaluma, hiyo si sababu ya kumfukuza.

Siku anapoondoka, dawa zinazodhibitiwa huhesabiwa mbele ya pande zote na daftari husainiwa. Baraza huandikiwa na mmiliki, na yeye mwenyewe huandika barua yake bila kumtegemea mmiliki. Asipoandika, kwenye kumbukumbu za Baraza bado yeye ndiye msimamizi, na kitakachouzwa wiki ijayo kitauzwa kwa jina lake. Cheti chake hushuka ukutani siku hiyohiyo. Mpaka msimamizi mpya akubaliwe, famasi haifunguliwi.